RIMU MOJA NI KILO 2.5: Safari ya karatasi mpaka Kamuli, na watu ambao hakuna aliyewaandika majina

Leo hakuna habari ya nani kaachana na nani, wala nani kanunua ndinga mpya. Ila utaratibu wetu wa hapa ni ule ule: watu nawasimulia, majina siweki. Kuna mama mmoja, kuna wapagazi kibao, kuna Wachina wa kale, na kuna jamaa mmoja wa steshenari ambaye mwishoni utataka kumjua. Wote hao wameunganishwa na kitu kimoja unachokishika kila siku bila kukifikiria: karatasi. Kaa mkao wa kula, ni ndefu kidogo.

JANUARI YA RIMU MBILI

Mwaka 2014 nilichaguliwa kuingia kidato cha kwanza. Kama na wewe umesoma Bongo, fomu ya kujiunga unaijua: jembe, fyekeo, ndoo, ufagio wa chelewa, sare jozi mbili, na rimu ya karatasi. Ya kwangu ilisema rimu mbili, A4, gramu 80. Hizo gramu 80 nyumbani hakuna aliyejua ni kitu gani, tukazisoma tu kama mnavyosoma maandishi madogo kwenye dawa.

Kwa wasioijua Kamuli, ni kata iliyopo Wilaya ya Kyerwa, mkoani Kagera. Kabla ya 2012 Kyerwa yote ilikuwa ndani ya Karagwe. Huku kwetu ni migomba, maharage na kahawa. Pesa inaonekana kahawa ikivunwa. Januari sasa, kila mtu mfuko umekauka, na ndio mwezi huo huo shule zinafunguliwa. Hapo ndipo inapoingia butura.

Butura ni hivi. Mtu mwenye shida anauza kahawa yake ikiwa bado maua mtini. Anamuuzia mwenye pesa mkononi, kwa bei ya kutupa. Ikiiva, si yako tena, wewe kazi yako ni kuichuma na kuikabidhi. Serikali imeshaipiga marufuku mara nyingi tu, lakini marufuku haimnunulii mtoto sare.

Mama yangu aliuza debe tatu kwa butura. Mkataba wenyewe uliandikwa kwenye nusu ukurasa uliochanwa katikati ya daftari langu la darasa la saba. Mnunuzi akaandika majina yake matatu, akaweka na sahihi ya kuzungusha zungusha. Mama aliandikwa "Mama" halafu likafuata jina la kaka yangu mkubwa, akabonyeza dole gumba. Jina lake mwenyewe halikuwepo popote.

Rimu tulinunua mjini, kwenye duka moja ambalo silitaji. Nikafika shule na begi, ndoo na rimu zangu kichwani. Mwalimu wa stoo akaichukua rimu ya pili, akaigeuza, akaona kule chini gundi haijakaa sawa. Akaifungua. Akaniambia nihesabu mwenyewe, wenzangu wakiwa kwenye foleni nyuma yangu. Nilihesabu mara mbili. Karatasi 470.

"Rimu ni mia tano," akasema. "Nenda kalete rimu."

Nikarudi nyumbani, nikakosa siku tatu za kwanza. Mama aliuza debe la nne. Hakunigombeza hata kidogo, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi.

KWANI NI NANI ALISEMA RIMU NI 500?

Hilo swali nilikaa nalo miaka. Kumbe neno lenyewe, rimu, limezunguka dunia kabla ya kufika kwenye fomu yangu.

Tuanze na neno karatasi. Hilo tumelichukua kwa Waarabu, wanaosema qirtas. Limo mpaka ndani ya Kurani, kwenye Sura ya Al-An'am. Waarabu nao walilipata kutoka kwa Wagiriki. Kwetu lilishuka na majahazi pwani, likapanda bara.

Rimu sasa. Waarabu wana neno rizma, maana yake fungu, bunda. Waislamu walipotawala Hispania, mji wa Xàtiva ulisifika kwa kutengeneza karatasi nzuri, hiyo ni karne ya 12. Wahispania wakalichukua neno wakasema resma. Likapita kwa Wafaransa, likafika kwa Waingereza likawa ream, na Mwingereza ndiye aliyetuletea sisi, tukaliweka sawa likawa rimu. Yaani maneno mawili yote tumeyapata kwa Mwarabu, ila moja lilikuja kwa jahazi moja kwa moja, jingine likazungukia Ulaya kwanza.

Na hesabu haikuwa 500 siku zote. Rimu ya zamani ya Waingereza ilikuwa karatasi 480. Baadaye ndio 500 ikawa kawaida ya dunia. Kwa hiyo ile yangu ya 470 isingefaa hata enzi za mababu zao.

MCHINA ANAYETAJWA NA WALE WASIOTAJWA

Ukiuliza karatasi ilianzia wapi utaambiwa China, mwaka 105, na utapewa jina: Cai Lun, mtumishi wa ikulu. Inasimuliwa alimweleza mfalme namna ya kutengeneza karatasi kwa maganda ya miti, katani, matambara na nyavu chakavu. Unaviponda, unaviloweka mpaka viwe uji, unauchota ule uji kwa chekeche, maji yanachuruzika, kinachobaki juu ukikikausha ni karatasi.

Sasa sikia. Wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua huko huko China vipande vya karatasi vya zaidi ya miaka 100 kabla ya huyo bwana. Maana yake kuna watu walishaigundua, pengine mafundi tu, kina mama wanaofua katani mtoni, nani ajuaye. Cai Lun aliiboresha na kuifikisha mezani kwa mkubwa, na kwa sababu ikulu ilikuwa na waandishi, jina lake likaandikwa. Wengine wakapita kimya. Mambo haya hayajaanza leo.

Kutoka China ufundi ukaenda Samarkand, karne ya 8 ukafika Baghdad, halafu huko Hispania niliyokwambia. Kwetu pwani karatasi ilikuwepo zamani sana. Utendi wa Tambuka uliandikwa Pate mwaka 1728, kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Kwa hiyo mtu akikwambia sisi kusoma na kuandika tumeletewa na mkoloni, mwambie akatafute ramani aone Pate iko wapi.

KARATASI IKAPANDA KARAGWE KICHWANI

Haya, pwani ilikuwepo. Huku kwetu je?

Mwezi Novemba 1861 Waingereza wawili, Speke na Grant, waliingia Karagwe, kwenye ikulu ya Mukama Rumanyika. Wafanyabiashara wa pwani walishawatangulia, walikuwa na kituo chao Kafuro. Speke alikuwa anatafuta chanzo cha mto Nile. Mwaka 1863 alichapisha kitabu kinene cha safari hiyo, kimejaa tarehe, majina ya vijiji, nani alimpa ng'ombe na nani alimsumbua hongo. Grant naye aliumwa mguu, akabaki Karagwe miezi kadhaa wakati mwenzake ametangulia Buganda mwanzoni mwa 1862. Alikuwa anachora. Michoro yake ni kati ya picha za kwanza kabisa za nchi yetu.

Sasa jiulize, hayo madaftari, hizo karatasi za kuchorea, wino, rangi, vilifikaje? Walitoka pwani Oktoba 1860. Hakukuwa na gari, hakukuwa na baiskeli. Ni kichwani na begani kwa wapagazi, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 hivi, mwaka mzima na zaidi njiani, njaa, homa, vita za watu. Wengi walikimbia wakatupa mizigo, na kusema ukweli siwalaumu. Kiongozi wao Sidi Mubarak Bombay anajulikana, hata medali alipewa na Waingereza baadaye. Lakini wale waliobeba zile karatasi wenyewe? Wengi wao ni namba tu, "wapagazi wangapi wamekimbia leo". Mtu alibeba karatasi miezi 13, na hakuna mstari hata mmoja juu yake uliotumia jina lake.

Nikikumbuka ile nusu ukurasa ya butura, najua kabisa inavyokuwa.

MJERUMANI ALIONDOKA, A4 IKAFUATA

Wajerumani waliweka kituo Bukoba mwaka 1890. Wakatawala mpaka vita ya kwanza ya dunia, Mwingereza akawatoa. Kinachochekesha ni kwamba karatasi tunayoitumia sote leo, A4, ni ya Mjerumani, ila ilitoka mwaka 1922 wakati yeye ameshaondoka huku. Mwingereza alikuja na ya kwake, fuliskapu, ndefu kuliko A4. Jina lake lilitokana na alama ya zamani ndani ya karatasi: kofia ya mchekeshaji wa mfalme, ile yenye vikengele. Barua nzito za serikali, juu ya karatasi yenye jina la kofia ya mchekeshaji. We acha tu.

A4 ina akili yake. Mjerumani mmoja, Lichtenberg, mwaka 1786 aliandika barua akieleza kuwa ipo karatasi ambayo ukiikunja katikati, nusu yake inabaki na umbo lile lile la mwanzo. Mwaka 1922 Walter Porstmann akaifanya kanuni ya nchi nzima, na baadaye dunia karibu yote ikafuata, isipokuwa Marekani na wenzake wachache. Inaanza A0, ambayo eneo lake ni mita moja ya mraba. Ikate katikati ni A1. Kata tena A2, A3, A4. Kwa hiyo ndani ya A0 zimo A4 kumi na sita.

Hapa nakuomba usiruke, maana ndio pesa yako ilipo. Gramu 80 iliyoandikwa kwenye rimu maana yake ni uzito wa mita moja ya mraba ya hiyo karatasi, yaani A0 moja. Gawanya kwa 16, unapata gramu 5. A4 moja ina gramu 5. Zidisha kwa 500. Gramu 2,500. Kilo mbili na nusu.

Basi. Rimu ya A4 gramu 80 ni kilo 2.5, ya gramu 70 ni kama kilo 2.2. Mama yangu angejua hilo Januari 2014, kulikuwa na mizani ya sukari duka la pili tu. Rimu ya karatasi 470 ina kilo 2.35. Mizani ya kuning'iniza ya kupimia kahawa ya butura ingeweza kabisa kuiumbua.

KWA NINI ISITOKE HAPA HAPA?

Wengi mnauliza kwenye komenti kwa nini tuagize kila kitu nje. Karatasi tulijaribu. Mgololo, Mufindi, mkoani Iringa, serikali ilijenga kiwanda kikubwa jirani na mashamba ya mipaina ya Sao Hill, kikaanza kazi katikati ya miaka ya 1980. Kilijengwa kiwe na uwezo wa tani 60,000 kwa mwaka. Miaka ya 1990 kikasimama. Mwaka 2004 kikauzwa kwa mwekezaji binafsi, na kipo mpaka leo, ila zaidi kinatengeneza karatasi ngumu za kaki, zile za mifuko ya saruji na maboksi.

Nyeupe ya kuprintia tunaletewa. Geuza rimu yako usome pembeni: Rotatrim ni ya Afrika Kusini, Double A ni ya Thailand, PaperOne ni ya Indonesia. Inashuka bandarini Dar, halafu inapanda lori zaidi ya kilomita 1,300 mpaka huku kwetu. Kila anayeigusa njiani anaongeza chake. Ndio maana sisi wa mwisho wa barabara tunanunua ghali kuliko wewe wa Kariakoo, na ndio maana ukituibia karatasi 30 unakuwa umetuibia mara mbili.

JAMAA WA STESHENARI

Sasa yule jamaa.

Kuna jamaa alimaliza kidato cha nne, matokeo hayakumbeba, akapata kazi kwenye steshenari moja mjini. Kopi, kuprinti, kadi za harusi, vyeti vya semina. Mkono wake mzuri kwenye kompyuta, bosi akampenda. Ikafika Januari ya 2019, msimu wa rimu. Bosi akamfundisha kitu. Unafungua rimu taratibu kwa chini, unatoa karatasi 30, unarudisha gundi, unapitisha pasi ya moto kwa mbali ganda linyooke. Rimu 17 ukizitoa 30 kila moja unapata 510. Rimu moja mpya kabisa, na kumi zinabaki za kopi. Rimu 17 zinazaa ya 18.

Jamaa alifanya. Alijua anachofanya? Ndiyo. Wateja wenyewe ni kina mama, fomu mkononi, wanahesabu noti za elfu elfu zilizokunjwa kwenye kona ya kitenge. Hakuna aliyepima, hakuna aliyehesabu, hakuna aliyerudi kulalamika. Alifanya msimu ule wote, akaja kuacha kazi mwezi wa tatu, tena kwa sababu ya ugomvi wa mshahara, wala sio kwa sababu ya dhamira.

Jamaa huyo ni mimi.

Ndio hivyo wadau. Mimi niliyehesabu karatasi 470 mbele ya foleni, ndiye niliyekuwa nazitoa zile 30. Siku ya kwanza kushika ile pasi nilielewa hapo hapo gundi ya rimu yangu ya 2014 ilikuwaje, na nikaendelea. Nimewahi kuandika humu kuhusu watu wengi bila majina na mkawatukana kwenye komenti. Leo nimeona zamu yangu imefika. Kuna watoto Januari ile walirudishwa nyumbani kwa sababu yangu, na siwajui hata mmoja, kama wao wasivyonijua mimi.

Sasa hivi nina kameza kangu mwenyewe, kompyuta moja, printa moja, hapa Kamuli. Pembeni nimeweka mizani. Rimu haitoki bila kupanda mizani mbele ya mteja. Januari iliyopita mama mmoja akanicheka, "Wewe mwanangu unapima karatasi kama nyama?" Nikamwambia ndiyo mama, na wewe ukienda kwingine wapimie hivi hivi. Akaniuliza inatakiwa iwe ngapi. Akaondoka anairudia njia nzima, mbili na nusu, mbili na nusu.

UKINUNUA KARATASI, KUMBUKA HAYA

1. Pima. A4 gramu 80 ni kilo 2.5, gramu 70 kilo 2.2 hivi. Ganda linaongeza gramu chache tu. Boksi la rimu tano za gramu 80 ni kilo 12.5 na kidogo.

2. Angalia gundi ya chini na kona. Ganda la kiwandani limekunjwa sawasawa pande zote mbili. Ukiona selotepu au kona moja imelegea, acha.

3. Nunua kwa kazi. Mitihani na kopi nyingi, gramu 70 inatosha. Barua za ofisi na kazi ya printa ya pande zote mbili, chukua 80, maandishi hayatokezi nyuma. Cheti, chukua kuanzia 120. Kadi ya harusi au ya mchango, kati ya 200 na 300, ila uliza kwanza printa yako inameza mpaka ngapi, nyingi ndogo zinashindwa.

4. Kadi ya kukunja ina mwelekeo, kama ubao ulivyo na nyuzi. Jaribu kuikunja wima na mlalo bila kuibana. Upande inaokunjika kirahisi ndio upande wa mkunjo. Ukilazimisha mwingine, rangi inapasuka na bibi harusi atakulilia.

5. Karatasi inakunywa unyevu. Kwa mvua zetu za Kagera, rimu ikifunguliwa ifunge tena na uiweke juu ya mbao, isikae sakafuni. Printa ikianza kumeza mbili mbili, mara nyingi ubaya ni unyevu, fundi utamwonea.

NIMALIZIE

Ile nusu ukurasa ya butura mama aliitunza kwenye Biblia mpaka mnunuzi alipochukua debe lake la mwisho. Siku hiyo akaniambia niichome. Sikuichoma, ninayo. Mwezi uliopita niliprinti karatasi moja nzuri ya gramu 120, nikaandika majina yake matatu kamili kwa herufi kubwa, nikampelekea. Akaniuliza ya nini. Nikakosa cha kusema. Akaikunja mara nne, akaiweka kwenye ile ile Biblia.

Na wewe, kwenye fomu yako ya kujiunga uliambiwa ulete nini, na nyumbani waliuza nini ili ukipate? Shusha komenti. Majina usiweke, isipokuwa ni jina la mama yako. Hilo liandike lote.